Injini Kubwa ya Twaibu

Sikulazimishi uniamini. Mke wangu aliniamini nusu. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea mkono kichwani. Wenzangu wa kijiweni walicheka mpaka mmoja akamwaga chai yake mezani. Sawa, wacheke. Wao hawakuwepo, mimi nilikuwepo. Sikuwa nimekunywa hata tone la ulanzi, sikuwa na homa, na jua lilikuwa bado juu wakati mambo yanaanza. Hilo la jua ulikumbuke, maana watu hudhani vitu hivi vinangoja usiku wa manane. Havingoji.

Mimi ni mtu wa Songea, nakaa Mfaranyaki. Kazi yangu ni kubeba watu na mizigo kwenda kule ambako magari mengine yanakataa: warina asali na ndoo zao, walimu waliohamishwa na magodoro yao, wagonjwa. Gari langu ni forwili fupi, ya zamani, injini ya petroli, silinda nne. Ni gari zuri. Tatizo lake moja tu, halina nguvu ya mlima.

Na hilo tatizo moja liliwahi kunitia msiba ambao haukuwa wangu. Mwezi wa pili, mvua zimekolea, niliitwa kijiji kimoja ndani huko Namtumbo kumchukua mama aliyekuwa kwenye uchungu. Tukafika kwenye kilima kirefu. Magurudumu yalishika vizuri kabisa, hayakuteleza. Ila injini ilipofika katikati ikaanza kulia, ikalegea, ikazima. Nikawasha, ikapanda hatua tano, ikazima. Mara nne. Mume wake akashuka kusukuma, mama mkwe akashuka kusukuma. Yule mama akajifungulia pale pale kwenye kiti cha nyuma. Mtoto alitoka kimya, akabaki kimya.

Mume hakunigombeza. Alikuja dirishani, tope mpaka magotini, akasema, "Si kosa lako, kaka. Gari lako halina nguvu tu."

Afadhali angenitukana. Maneno yale nilikula nayo, nililala nayo. Wiki hiyo hiyo nikaenda gereji kwa fundi Ngonyani, ambaye gari hili analijua kuliko mimi. Nilikuwa nimeshaona injini kwa muuza spea mmoja mjini: dizeli, silinda sita, imekaa juu ya tairi kuukuu kama ng'ombe aliyelala. Nikamwambia fundi, nataka ile iingie humu.

Fundi alifungua boneti, akapima kwa viganja vyake, akanyoosha mgongo.

"Kuingia itaingia," alisema. "Nikikata hapa na hapa, nikachomelea maunti mpya za kuikalisha, itaingia. Lakini ile ni nzito. Pua ya gari italala, kwa hiyo springi za mbele tubadili. Giaboksi yako itasagika, kwa hiyo tulete na ya kwake. Ya kwake ni ndefu, kwa hiyo propela shafti tukate. Rejeta hii itachemsha maji kama sufuria. Halafu breki."

"Breki zina nini? Zinashika."

"Zinashika gari hili. Ukiweka mashine ile, hili si gari hili tena."

Nikamwambia anatafuta kazi ndefu. Tukabishana mpaka mchana. Mwishoni akasema jambo la busara, na ndilo lililonipeleka nilikokwenda. Alisema kuna jamaa wa upande wa Tunduru, kijiji cha ndani kule Nakapanya, anaitwa Twaibu. Ana gari kama langu, aina ileile, na alikwisha kulibadilisha akaweka silinda sita. "Usinisikilize mimi wala muuza spea. Nenda ukaliendeshe. Likikupendeza, rudi tuanze kazi."

Tulipiga simu ya huyo Twaibu, haikupatikana. Fundi akasema kule mtandao ni wa kubahatisha. Kwa hiyo nikaondoka.

Nilitoka Songea alfajiri. Namtumbo nilinunua ndizi, Tunduru mjini nikala wali, nikaendelea na lami mpaka Nakapanya. Pale nikaelekezwa niache lami nishike njia ya vumbi katikati ya mikorosho. Ilikuwa kama saa kumi na nusu jioni. Njia ikapita mashamba, ikaingia msitu, ikaanza kupanda. Na gari langu, kwenye mlima ule, likafanya kile linachofanya siku zote. Sindano ya joto ikapanda, injini ikalegea. Nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu, nikafungua boneti injini ipoe, nikakaa kwenye nyasi.

Palikuwa na kimya ambacho sikukipenda. Msitu wakati ule una ndege, una panzi. Pale hapakuwa na chochote. Nikajisemea ni uchovu.

Ndipo nikaisikia. Injini ya dizeli, nzito, inatoka bondeni nyuma yangu. Niamini, mtu wa magari anajua injini yenye afya kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Ile ilikuwa na afya. Ilipanda mlima bila kubadili sauti, bila kuhangaika. Gari likatokea: forwili fupi, kijani kilichopauka, pacha wa langu. Likasimama sambamba nami. Nilishangaa jambo dogo, kwamba halikutoa moshi, nikaona ndiyo sifa ya mashine nzuri.

Dereva alikuwa mwanamume wa makamo, kofia ya kufuma kichwani, vumbi jekundu limemshika mpaka kwenye kope. Hakuniangalia sana. Aliangalia boneti yangu iliyo wazi.

"Pole na safari," alisema.

"Asante. Samahani, wewe ndiye bwana Twaibu?"

"Ndiye mimi. Nani mwingine ana mashine kama hii huku?"

Nilifurahi kama mtoto. Nikamweleza nimetoka Songea kwa ajili yake, nataka kubadili injini, naomba nilione gari. Akanyoosha mkono akafungua mlango wa upande wangu. "Panda. Kuona hakutoshi."

Nikapanda. Wewe usingepanda?

Tulimaliza kile kilima kwa gia ya tatu. Gia ya tatu, mahali ambapo mimi nilikuwa nalia kwa gia ya kwanza! Nikamwuliza kila kitu nilichobishania na fundi. Uzito? Akasema uzito upo, unauzoea. Giaboksi? Alileta na ya kwake. Propela shafti? Alikata. Alijibu vizuri, kifundi, bila majivuno. Nami pale kwenye kiti nikamwona yule mama wa Namtumbo anafika hospitali, mtoto analia. Nilishaamua. Nikasema moyoni, Ngonyani atanisamehe.

"Na breki?" niliuliza.

"Breki niliacha zilezile."

"Hazikusumbui?"

"Zilinisumbua siku moja tu."

Alicheka kidogo, mimi nikacheka naye. Mungu anisamehe, nilicheka naye.

Tulikuwa tumeanza kuteremka upande wa pili. Mteremko ulikuwa mrefu, umenyooka, chini kuna mto na daraja la magogo. Gari likashika kasi. Nikangoja akanyage breki. Mguu wake ulikuwa umetulia sakafuni. Nikajikuta mimi nakanyaga upande wangu, kama kwamba nina breki.

"Punguza kaka."

"Haina haja."

Na hapo ndipo niligundua kitu kuhusu miguu yangu. Kama umewahi kukaa mbele kwenye magari haya, unajua joto la injini linavyopita sakafuni. Safari ya nusu saa unavua viatu. Mimi miguu yangu ilikuwa ya baridi. Baridi ya kisimani, inapanda kwenye mapaja. Nikatazama mbele: sindano ya joto imelala chini kabisa. Nikashika dashibodi. Injini ya silinda sita inaunguruma masikioni mwangu, na dashibodi haikutetemeka hata kidogo.

Tukafika darajani kwa kasi ambayo hakuna gari linasimama. Tukasimama. Halikuyumba, halikuburuza magurudumu, kana kwamba mtu alilishika kwa juu akaliweka chini. Injini ikaendelea kuunguruma.

"Nashuka kidogo," Twaibu alisema. "Wewe kaa. Boneti usiiguse."

Akazunguka nyuma ya gari. Jua lilikuwa limeshagusa miti. Nilijiambia nikae. Lakini nimesafiri siku nzima kuiona injini ile, na sasa ipo hatua mbili mbele yangu, na ndani yangu kuna woga unaosema kuna kitu hakiko sawa. Nilishuka. Labda nilidhani nikiiona kwa macho woga utaisha.

Boneti ilikuwa imefungwa kwa waya. Nilipoigusa ilikuwa na unyevu, ya baridi kama tumbo la mtungi. Nikafungua waya, nikainua.

Hapakuwa na injini.

Nisikilize vizuri. Hapakuwa na injini, hapakuwa na rejeta, hapakuwa na betri. Maunti zilikuwepo, zimekula kutu mpaka zimekuwa nyekundu, na matundu yake matupu. Kichaka kilikuwa kimeota kutoka chini, kimejipinda kutafuta mwanga. Niliona mpaka ardhini, niliona mchanga wa mto. Na ule muungurumo ulikuwa unatoka pale pale, mbele ya uso wangu, mzito, wenye afya, silinda zote sita. Majani ya kile kichaka hayakutikisika.

"Nilikwambia usiiguse."

Alikuwa pembeni yangu. Sikusikia hatua. Naye alikuwa anaangalia ndani, kwa huzuni, kama mtu anayeangalia nyumba yake iliyoungua.

"Walinitolea," alisema. "Wakaipeleka kwenu Songea. Nimebaki na mlio tu."

Nilirudi nyuma hatua moja.

"Yako ina silinda ngapi?"

Sijui kwa nini nilijibu. Mdomo ulijibu wenyewe. "Nne."

"Ndogo," alisema, na kwa mara ya kwanza akageuka kuniangalia machoni. Macho yake yalikuwa na vumbi ndani, juu ya mboni, na hayakupepesa. "Lakini inapata moto. Itanitosha mpaka nipate yangu."

Hapo nilichomoka. Sikufuata njia. Niliingia mikoroshoni nikakimbia, matawi yananichapa, kiatu kimoja kikabaki sijui wapi. Nyuma yangu nikasikia gia ikiingia. Lilinifuata. Halikunikimbiza, hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Lilikuja polepole, gia ya kwanza, katikati ya miti mahali ambapo gari haliwezi kupita. Nikikimbia haraka, linakuja haraka kidogo. Nikianguka, linangoja. Nilisali Salamu Maria mpaka nikachanganya maneno. Kisha nikasikia adhana ya magharibi kwa mbali, nikaielekea ile sauti kama mtu aliyetupiwa kamba. Sijui muungurumo ulikoma lini.

Nilitokea uani kwa mama mmoja aliyekuwa anachochea moto. Baadaye nilimjua kwa jina, Bi Mwanaisha. Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye mguu usio na kiatu, wala hakupiga kelele. Alinipa maji. Kisha akauliza swali moja, kwa sauti ya chini.

"Alikupakia?"

Nilianza kulia.

Mume wake, Mzee Issa, alirudi kutoka msikitini akanikuta nimekaa karibu na moto. Nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akivuta kigoda. Alinieleza bila kupamba. Twaibu alikuwa mtu wa kijiji kile, mwema, alilipenda gari lake kupita kiasi. Aliliwekea injini kubwa, akawa anapanda vilima vyote huku anapiga honi kwa furaha. Msimu wa korosho wa mwaka juzi, akiwa peke yake na magunia, breki zilishindwa kwenye mteremko wa daraja. Gari liliruka magogo likaanguka mtoni. Walimzika siku ya pili yake. Nduguze wakaitoa injini wakaiuza, maana ilikuwa bado nzima, na bodi likaachwa palepale kwenye mchanga.

"Hujaliona ulipopita?" aliuliza.

"Nililipanda, mzee," nilisema. Bi Mwanaisha akajifunika uso kwa khanga. "Wewe ni wa tatu," alisema.

Nililala kwao, kama kulala ndiko kule. Asubuhi, jua likiwa limepanda vya kutosha, Mzee Issa alichukua wanaume wawili wakanisindikiza kulifuata gari langu. Tulishika njia ya mkato, si ile ya darajani, na tulipofika kileleni tuliona daraja chini kule, na pembeni yake bodi la kijani limelala kwenye mchanga, nyasi zimelizunguka. Boneti yake ilikuwa juu.

Mzee Issa alisimama. Akasema, "Jana mchana nilipita pale naenda shambani. Ilikuwa imefungwa kwa waya."

Tulikwenda mpaka kwenye gari langu. Lilikuwa pale nilipoliacha, jiwe nyuma ya gurudumu, boneti wazi. Nilichungulia. Injini ilikuwepo. Lakini bolti za kwenye maunti, zote, zilikuwa zimefunguliwa. Zilikuwa zimefutwa grisi na kupangwa kwenye mstari juu ya madigadi, kama anavyopanga fundi mwangalifu anayejua atarudi kumalizia kazi. Mipira ya rejeta ilikuwa imechomolewa. Ilibaki kuinyanyua tu.

Mmoja wa wale wanaume aliondoka hapo hapo, hakuaga. Mzee Issa alianza kusoma dua. Mimi nilirudisha bolti na mipira, nikajaza maji, nikawasha. Mzee akaniambia, "Nenda mwanangu, na usisimame popote kabla ya lami." Sikusimama hata kwenye lami. Nilikojoa Tunduru mjini.

Fundi Ngonyani nilimweleza yote. Yeye hakucheka. Alivaa koti lake akaenda kwa muuza spea, akarudi baada ya muda. "Ilitoka kwenye gari la ajali," alisema. "Upande wa Tunduru." Nilimwomba aende amwambie muuza spea asiiuze. Alikwenda kesho yake, akakuta tairi tupu. Injini ilikuwa imeshanunuliwa. Na mnunuzi hakuacha jina.

Kwa hiyo iko mjini humu, ndani ya gari la mtu. Sijui la nani. Nikisikia dizeli nzito inapanda barabara ya kwetu, naingia ndani na kufunga mlango, hata iwe saa sita mchana na wageni wapo. Mke wangu amechoka kuwaeleza. Gari langu bado lina injini yake ndogo, na ile barabara ya Tunduru nimeiacha kabisa. Nimepoteza wateja. Harusi ya mtoto wa dada yangu kule sikwenda, na dada hajanisamehe. Nilimfuata yule baba aliyefiwa na mtoto Namtumbo nikamwambia sitaweka injini kubwa, nikamweleza na sababu. Alinisikiliza, kisha akanipa mkono. Nadhani ni huyo peke yake aliyeniamini kabisa, siyo nusu.

Nilikuwa nimeanza kujisemea yameisha. Wiki tatu zilizopita nilikuwa Namtumbo, napakia ndoo za asali. Dereva mmoja wa lori la tumbaku, nisiyemjua kabisa, alinijia akaangalia gari langu, akaangalia mimi.

"Kaka, wewe ndiye wa forwili ya silinda nne, wa Songea?"

Nikasema ndiye mimi.

"Kuna jamaa njiani huko, alinisaidia mlimani. Mtu mpole sana. Anakusalimia. Anauliza kama bado unayo."

Sasa nakuomba. Ukiwa na gari dogo linalokutosha, tengeneza breki zake, ulipende hivyo hivyo. Na ukikwama kwenye kilima chochote, Tunduru, Namtumbo, hata hapa Matogoro, akaja mtu na gari linalopanda kirahisi kupita kawaida, akakufungulia mlango, shukuru kwa adabu, halafu kabla hujapanda weka kiganja juu ya boneti yake. Ikiwa ya moto, panda, ni binadamu. Ikiwa ya baridi na injini inaunguruma, shuka mlima kwa miguu yako. Usigeuke, na chochote atakachokuuliza kuhusu gari lako, usimjibu.